Choo cha shimo kufunguliwa mferejini wakati wa mvua: tumwendee nani?

Mpangaji_Bwaise:
Ndugu zangu, habari za kazi. Kila mvua kubwa inaponyesha usiku, mwenye nyumba mmoja mtaani kwetu huzibua tundu lililo ubavuni mwa choo chake cha shimo, na kinyesi hutoka pamoja na maji hadi kwenye mfereji ambao watoto huuvuka asubuhi wakienda shule. Je, idara ya afya ya KCCA, yaani mamlaka ya jiji la Kampala, inaweza kumchukulia hatua, au hili ni jambo la mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa?

Afya_Kawempe:
Dada, wote wawili wanahusika, lakini mwenye mamlaka ya kisheria ni afisa wa afya wa tarafa yenu, yaani Kawempe. Sheria ya Afya ya Umma, iliyotungwa mwaka 1935 na kurekebishwa baadaye, inampa uwezo wa kukagua kiwanja, kumwandikia mmiliki ilani ya kuondoa kero hiyo, na kumshtaki akiipuuza. Hata hivyo, anzeni kwa mwenyekiti, kwani barua yenye muhuri wake husomwa haraka zaidi. Pigeni picha ya tundu lenyewe asubuhi kabla halijazibwa tena, kwa sababu afisa akifika siku ya jua atakuta ukuta mkavu.

Ssalongo_K:
Ilani ni ya lazima, ila haipunguzi kilichomo shimoni. Magari ya kunyonya maji taka hayaingii kwenye vichochoro vya Bwaise, na mwenye nyumba asipoonyeshwa njia nyingine atafungua tena. Wapo vijana wanaotumia galpa, yaani pampu ya mkono inayoteremshwa shimoni. Uchafu hujazwa kwenye mapipa yenye vifuniko, ukabebwa hadi barabarani, kisha ukapelekwa kwenye mtambo wa kusafisha maji taka wa Lubigi, ambao umekuwa ukifanya kazi tangu mwaka 2014. Nguo kuukuu, pedi na chupa huikwamisha pampu hiyo, kwa hiyo sisi wapangaji tunapaswa kuacha kabisa kuvitupa chooni.

Mama_Kalerwe:
Wakati mnasubiri afisa, mwanangu, chemsheni maji ya chemchemi, hata ile iliyojengewa ukuta na bomba. Zege huzuia uchafu wa juu tu, haizuii unaopenya ardhini kutoka kwenye vyoo vya mlimani. Mvua za El Niño za mwishoni mwa mwaka 1997 zilipoleta kipindupindu Kampala, mitaa ya mabondeni kama hii yetu iliumia sana.

Mpangaji_Bwaise:
Asanteni sana. Kesho tutamwona mwenyekiti, na tutamwomba aitishe kikao na mwenye nyumba kuhusu nani atalipia mapipa.