Dola 25, CD tatu za vita vya anga: nichukue gani?

Kijana_Katuba (Lubumbashi)
Jambo bandugu na bayaya. Mwezi uliopita nilinunua PS4, mashine ya kuchezea michezo kwenye tivi, ya okazioni, ile ya giga 500, na maneti mbili za kushika mkononi. Ilikuja na CD moja tu ya mpira, na mpira umeshanichosha. Roho yangu iko kwa michezo ya bunduki, ile unaona mikono yako na mdomo wa bunduki basi, lakini iwe ya mambo ya anga: maroboti, sayari, silaha ambazo hazijazaliwa bado. Vita vya kawaida sitaki. Hivyo tunavisikia kwenye redio kila siku.

Muuzaji mmoja mjini ameniwekea pembeni CD tatu mpaka Jumamosi: Destiny 2, Titanfall 2 na Doom ya 2016. Kila moja dola 25, bei haishuki. Yeye ananisukuma kwa Destiny 2, anasema ndiyo kubwa kuliko zote, haiishagi.

Mjue hali yangu kabla ya kujibu. Intaneti ni mega za simu. Umeme kwetu unakuja saa nne za usiku, unaondoka alfajiri, siku zingine unakatika katikati. Na nalala chumba kimoja na mudogo yangu wa miaka 13. Skrini ikiwaka, yeye hana usingizi tena. Mnishauri.

Mwana_Kamalondo
Huyo muuzaji usimpe hata franka moja ya Destiny 2. Mchezo wenyewe sio mbaya hata kidogo. Wenye mchezo huo, Bungie, ndio waliotengeneza Halo mwaka 2001, kwa michezo ya bunduki hakuna wa kuwafundisha. Lakini bila intaneti haufunguki, hata kama unacheza peke yako. Na tangu Oktoba 2019 unapakuliwa bure, kwa hiyo hiyo CD ni kava tu. Kuna baya zaidi: hadithi inayosifiwa nyuma ya kava, ile Red War ya 2017, waliiondoa ndani ya mchezo Novemba 2020. Unauziwa nyumba iliyokwisha kubomolewa.

Kijana_Katuba
Eeh! Na alikuwa anaapa kwa jina la mama yake.

Bibi_Roketi (Dar es Salaam)
Pole mdogo wangu. Chukua Titanfall 2, na nitakwambia kwa nini, maana nimeimaliza mara tatu.

Wewe ni Jack Cooper, askari wa kawaida tu. Rubani mkubwa anauawa mwanzoni kabisa, anakuachia roboti lake, BT-7274. Roboti hilo ni kubwa kama nyumba, unaingia kifuani mwake na kuliendesha. Ukiwa nje unakimbia juu ya kuta, unaruka mara mbili hewani, unateleza chini ya mlango huku unapiga. Michezo mingi ya bunduki inakufundisha kujificha nyuma ya boksi. Huu ukisimama tu, umekwisha.

Kuna sehemu mnaingia kiwanda kinachounganisha nyumba nzima nzima, na unapigana ukiwa juu ya kuta zinazosafirishwa na mitambo. Nyingine wanakupa kifaa cha mkononi: ukibonyeza kitufe unahama kutoka jengo lililoungua kwenda jengo hilo hilo kabla halijaungua. Adui wamekuzingira leo? Unarukia jana, unazunguka, unarudi leo ukiwa mgongoni mwao. Nilicheka peke yangu kama kichaa. Kibaya ni kwamba sehemu hiyo inaisha upesi, kama vile walijionea haya kutuachia tuishibe.

Hadithi yote inachezeka bila intaneti. Kucheza na watu mtandaoni ndiko kunakotaka PS Plus, ile huduma ya kulipia ya PlayStation, na kwa mega za simu sahau.

Sauti_ya_Virunga (Goma)
Dada umesahau kusema inaisha kwa saa sita hivi. Dola 25 kwa saa sita? Mimi nilijisikia nimeibiwa. Halafu iliuzwa vibaya tangu mwanzo: ilitoka tarehe 28 Oktoba 2016, wiki moja baada ya mchezo mkubwa wa vita, Battlefield 1, na wiki moja kabla ya mkubwa mwingine, Call of Duty mpya. Nani angeiona pale katikati?

Doom ni ndefu zaidi, na ngumu. Afya haijirudishi yenyewe: damu ikipungua unamrukia pepo aliyelegea, unammaliza kwa mikono, afya inamwagika chini. Risasi zikiisha unamkata pepo kwa msumeno wa mnyororo, risasi zinamwagika. Yaani ukiogopa unakufa, ukisogea unapona. Na picha zinakwenda 60 kwa sekunde hata kwenye PS4 ya zamani, wakati Destiny 2 hapo ni 30.

Mzee_wa_Likasi
Mimi nimezeeka lakini bado nacheza usiku, mama watoto akilala. Mjue kilichonichekesha kwenye Doom: kampuni imekwenda Mars, imefungua mlango wa jehanamu ili ichote nishati kule, eti Dunia imepungukiwa umeme. Kwa delestaji hii yetu, huku kukatiwa umeme kwa zamu, wangekuja kutuuliza, nadhani watu wangesaini.

Titanfall nayo ina kampuni, IMC. Imefika mbali huko kutafuta mali, ikaleta jeshi la kulinda mali, baadaye jeshi ndilo likawa kazi yenyewe. Mtu aliyekulia chini ya bomba la moshi la kiwanda cha shaba cha Lubumbashi hana haja ya kuelezwa mara mbili. Wenyewe hawakututungia sisi, ni wazungu wa California, lakini niliposikia adui ni nani nilikaza maneti.

Mama_Ruashi
Na yule mtoto wa miaka 13 hamumuoni? Someni namba ya umri kwenye kava. Doom ni 18. Mapepo yanachanwa vipande vipande, na utaona hayo saa sita za usiku akiwa kitandani pembeni yako. Titanfall ni 16, nayo bado si ya kwake, lakini afadhali.

Sauti_ya_Virunga
Mama una haki. Kama ni wawili basi tafuta Borderlands: The Handsome Collection. Skrini inagawanyika, mnacheza pamoja bila intaneti. Doom na Titanfall hazina hiyo.

Mama_Ruashi
Nayo ni 18, mwanangu. Nimeangalia sasa hivi.

Mwana_Kamalondo
Mdogo wangu, yoyote utakayochukua: geuza CD uitazame kwenye mwanga, halafu mwambie aijaribu mbele yako kabla ya kutoa pesa. Angalia kama Kifaransa kimeandikwa kati ya lugha. PS4 itanakili CD kwenye diski yake ya ndani kwanza, hiyo inakula muda, kwa hiyo anza umeme ukifika tu, usingoje saa saba. Na usiiache ikilala na taa ya rangi ya chungwa. Umeme ukikatika hapo, ikiwaka tena itaanza kujikagua diski na kukulalamikia. Izime kabisa. Ukipata onduleri ndogo, ile betri ya kushika umeme ukikatika, hata ya kukupa dakika tano, nunua kabla ya CD ya pili.

Saa sita za Titanfall, kwa umeme wa kwetu, ni wiki nzima. Ukimaliza unabadilisha na mtu.

Kijana_Katuba
Aksanti bayaya. Jumamosi nilikwenda, nikamuuliza muuzaji juu ya Red War. Alinyamaza, akaanza kupanga kava zake. Nikachukua Titanfall kwa 22. Mudogo yangu nimemwambia ni ya saa kumi na moja za alfajiri, akiwa amelala. Hakuamini.

Niko kwenye kile kiwanda cha nyumba. Nilikuwa nakimbia juu ya ukuta, ukuta nao unatembea, BT ananiita kutoka chini, na umeme ukaondoka. Naandika kwa simu, betri asilimia 9. Yaya Bibi_Roketi, mchezo unajihifadhi pale ama nitaanzia mlangoni?

Bibi_Roketi (Dar es Salaam)
Unajihifadhi kila hatua chache. Utapoteza ukuta mmoja, labda miwili. Lala.