Mjadala: Taka za soko la Kongowea, Mombasa, walishwe mabuu papo hapo, au ziendelee kwenda jaa la Mwakirunge?

Mtenga Taka:
Jaa la Kibarani limefungwa, Mwakirunge ni mbali, na kila lori linalotoka Kongowea limebeba maji ya mboga tunayoyalipia dizeli. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 imeshaagiza taka zinazooza zitengwe na nyingine. Naunga mkono lijengwe banda la mabuu ya nzi askari weusi ndani ya ua wa soko: mabuu yazile taka, kisha yakaushwe yawe chakula cha kuku. Kreti ya sentimita 60 kwa 40, kina 17, huchukua mabuu 10,000 ya umri wa siku 5 na kilo 15 za taka mbichi, zinazotiwa kwa awamu tatu ndani ya siku 12. Tani moja kwa siku ni kreti 67 mpya kila siku, yaani kama 800 zikiwa kazini kwa pamoja. Ukizipandanisha nane nane zakalia mita mraba 24. Pamoja na njia za kupitia, 70 zatosha. Mayai ni gramu 25 hivi kwa siku. Joto wanalolipenda ni nyuzi 27 hadi 30, na mwambao huu haupungukiwi na joto.

Mkaazi wa Nyuma ya Soko:
Bwana Mtenga Taka, mita 70 zipo, sikatai. Lakini nyinyi mwaziona kreti, sisi twavuta harufu. Nzi wa soko wameshatuingilia majikoni, sasa wafugwe? Tena taka za pale si mboga tupu. Kuna nailoni, kuna betri za redio, kuna makumbi ya madafu ambayo hakuna buu atakayeyamaliza kwa siku 12. Banda likianza kuoza, nani mwenye mamlaka ya kulifunga? Hilo nataka nilijue kabla ya gramu za mayai.

Fundi Neti:
Dada, kwanza tutofautishe wadudu wawili. Nzi wa nyumbani hutua kwenye kinyesi kisha kwenye sahani. Nzi askari ana urefu wa milimita 15 hadi 20, ukimwona utadhani nyigu, ila hana mwiba. Akishaota mbawa huishi kwa mafuta aliyojiwekea alipokuwa buu: hunywa maji, hupandana, hutaga na kufa ndani ya wiki moja au mbili. Jikoni hana analolifuata.

Hofu yako ya harufu ni ya haki, ila chanzo chake ni maji. Mabuu yataka unyevu wa asilimia 70 hadi 80. Kabichi, tikiti na nanasi zina zaidi ya 85. Maji yakizidi, hewa haipenyi, taka zachacha, mabuu yapanda kuta za kreti na kutoroka, na hapo ndipo nzi wa nyumbani apatapo pa kutagia. Kwa hivyo taka zikatwe vipande vya sentimita 1 au 2, zichujwe, kisha zichanganywe na kitu kikavu. Finya konzi moja: yakitoka matone machache kati ya vidole, endelea. Yakitiririka, usitie mabuu.

Upande wa nzi wazima, chumba kiwe cha neti chenye jua la asubuhi, maana gizani hawapandani. Pa kutagia ni vibao vilivyoachiana nafasi ya milimita 1 au 2, juu ya ndoo ya taka inayonuka. Miguu ya meza isimame kwenye makopo ya maji yaliyotiwa mafuta. Sisimizi wakivifikia vibao, asubuhi hukuti yai. Kreti zote zifunikwe kwa sababu ya kunguru.

Mpima Lishe:
Mimi sipingi mdudu, napinga hesabu inayopigiwa debe kila mahali, kwamba tani ya taka hutoa kilo 200 za mabuu mabichi. Hiyo ni kwa taka nzito, kama mabaki ya vyakula. Tani ya majani ya kabichi ina kilo 80 hadi 100 tu za kitu kikavu. Mabuu yakigeuza asilimia 15 ya hizo kuwa mwili, mwapata kilo 12 hadi 15 za mabuu makavu. Kwa kreti 67!

Na huo "ukavu" wa Fundi Neti watoka wapi? Kushusha tani yenye maji asilimia 90 hadi 80 kwa pumba za mahindi kwahitaji kilo 140 za pumba. Pumba tayari ni chakula cha kuku. Twampa mdudu chakula cha kuku ili tumpe kuku mdudu.

Kisha lishe yenyewe. Mabuu makavu huandikwa protini asilimia 42 hivi. Maabara hupata protini kwa kupima naitrojeni na kuizidisha kwa 6.25, na hivyo huhesabu na naitrojeni ya ganda la buu, ambayo kuku haifaidi sana. Kwa mabuu mazima kipimo kilichopendekezwa ni 4.76, na 42 yawa 32. Hata tukiikubali 42, kushika nafasi ya kilo 10 za dagaa wenye protini asilimia 55 kwataka kilo 13 za mabuu. Kalsiamu ya mabuu ni asilimia 5 hadi 8: kuku wa mayai atashukuru, ila kwa vifaranga lazima upunguze chokaa kwenye mchanganyiko. Machicha ya nazi nayo yana mafuta; ukiyazidisha kwenye taka, mabuu hunenepa mafuta, na unga wake hukaa kidogo tu ukachachuka.

Mkaguzi wa Chakula:
KEBS, shirika la viwango la Kenya, ina kiwango cha wadudu wakavu wa chakula cha mifugo tangu 2017. Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa wadudu kwa samaki 2017 na kwa kuku na nguruwe 2021, lakini hauruhusu wadudu hao walishwe samadi wala mabaki ya mahotelini. Kilichoangaliwa ni kinachoingia kwenye kreti. Kwa Kongowea hatari kubwa ni hizo betri alizotaja dada: kadimiamu, metali yenye sumu, hujilimbikiza mwilini mwa buu, na kuchemsha hakuiondoi. Kuchemsha dakika 1 hadi 2 kwapunguza vijidudu tu, na baada yake lazima yakaushwe hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 10. Kwenye masika jua halitoshi. Bila tanuri au pipa la kukaangia kwa mchanga, gunia litaota ukungu. Taka zitengwe mezani kwa muuzaji, siku hiyo hiyo. Zikishachanganyika kwenye lundo, mimi siwezi kuzipitisha.

Msomaji wa Fiqhi:
Wako wateja watakaouliza kama kuku huyu ni jallala. Jallala ni mnyama ambaye wingi wa chakula chake ni najisi. Mboga na matunda si najisi, kinyesi ndicho. Imepokewa kuwa Ibn Umar, sahaba wa Mtume, akimfungia kuku wa aina hiyo siku 3 kabla ya kumchinja. Kwa hivyo banda likikataa kinyesi, nusu ya mzozo imekwisha, na mnunuzi aambiwe wazi.

Mtenga Taka:
Mpima Lishe, hesabu yako naichukua nzima, na bado nataka banda. Kaunti yalipia kubeba tani ile ya kabichi hadi Mwakirunge pamoja na maji yake. Pesa hizo hizo zilipwe banda kwa kila tani linayopokea, na mabuu yawe nyongeza. Ukavu tusitumie pumba: makumbi yasagwe. Buu hayali makumbi, lakini makumbi hunyonya maji, na hutoka pamoja na mbolea inayobaki kwenye kreti. Mbolea hiyo ikae wiki 4 hadi 5 ndipo ipelekwe shambani, ikiwa mbichi huunguza miche.

Mkaazi wa Nyuma ya Soko:
Na maji yanayochujwa yaenda wapi? Mtaro wetu hufurika kila masika.

Fundi Neti:
Tani moja yaweza kutoa lita mia kadhaa kwa siku. Yasiguse mtaro. Tangi lenye mfuniko, na gari la majitaka kabla halijajaa.

Mkaazi wa Nyuma ya Soko:
Basi ukubwa wa tangi uandikwe kwenye kibali, na tangi likijaa siku hiyo banda lisipokee taka. Mkikubali hilo, tuje kuzungumzia mahali.