Naomba ushauri: kifusi cha nyumba ya zamani kirudi kwenye jamvi (zege la sakafu) la nyumba mpya

Wakuu, nyumba ya vyumba 3 ya tofali za saruji za inchi 6 inabomolewa Mbagala, na mpya itasimama hapo hapo. Nia ni kifusi kisiende dampo na kokoto za kununua zipungue.

Mpango ni huu. Bati na kenchi zishushwe kwanza, misumari ing'olewe kwa mtarimbo, mbao zisipasuke. Bodi za jipsamu zitengwe kabisa. Salfeti yake ikiingia kwenye zege hulivimbisha na kulipasua. Vipande vya zege vya linta (boriti ya juu ya milango na madirisha) na nguzo vipondwe mbali na vya tofali, vichekechwe vibaki vya milimita 5 hadi 20, vichukue asilimia 30 ya kokoto za jamvi kwa uwiano wa 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto). Vya tofali ni dhaifu, vitajazia chini na kushindiliwa kwa matabaka ya sentimita 15.

Kinachonisumbua ni maji. Kokoto za kifusi hunywa kuliko za mlimani, kwa sababu ya saruji kuukuu iliyozing'ang'ania. Fundi akiona zege kavu anamimina ndoo nyingine (mnawajua), na nguvu inashuka. Je, kuziloweka usiku kucha na kuziacha zikauke uso asubuhi kunatosha, au vumbi lioshwe kwanza?

Na nondo za milimita 12 zilizokunjwa, mnazinyoosha kwa linta? Naegemea chuma chakavu. Pale ziliponyooshwa chuma huwa kimekakamaa na ni rahisi kukatika. Mwenye matokeo ya kupima nguvu ya mchemraba wa zege kama hili wa siku 28 ayaweke hapa.