Mpaka ukifungwa kwa amri, mshahara wa anayevuka kila siku alipe nani?

Mwanzisha mada (Namanga, upande wa Tanzania)

Wadau, habari za jioni. Hili limenikaa rohoni tangu 2020, na juzi limeamshwa na dada jirani yangu aliyekuwa anapanga makaratasi yake, akatoa slipu za mshahara za zamani.

Dada huyu analala Namanga ya Tanzania. Kazi yake ilikuwa Namanga ya Kenya, duka la vifaa vya ujenzi, dakika kumi na tano kwa miguu kama foleni si ndefu. Mei 16, 2020 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kufunga mpaka na Tanzania na Somalia kwa watu. Malori ya mizigo yakaachwa yapite, madereva wakipimwa corona. Kwa hiyo saruji na nondo ziliendelea kufika dukani, muuzaji ndiye hakufika. Mwezi haujaisha, kiti chake kilikuwa na mtu mwingine.

Sasa sikilizeni utamu wake. Kwetu, tangu sheria za hifadhi ya jamii za 2018, mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 akiachishwa kazi (siyo akijiuzulu) hupata fao la kukosa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Yeye alikatwa NSSF kila mwezi, lakini NSSF ya Kenya. Jina moja, mifuko miwili isiyosalimiana. Ule wa Kenya hauna fao hilo, na huu wa kwetu haumjui. TASAF, mfuko wa serikali yetu wa kusaidia wasiojiweza, nayo inatafuta kaya maskini, na kaya yake haikuwa maskini mpaka siku geti lilipofungwa.

Hoja yangu ni nyembamba, naomba msiinenepeshe. Sisemi kila anayepoteza kazi ng'ambo alipwe. Nasema serikali ikitoa amri ya kufunga mpaka, na amri hiyo ndiyo iliyokata mshahara wa mtu, serikali hiyo imlipe sehemu ya mshahara mpaka geti lifunguliwe. Afunge anayefunga, lakini ajue ina gharama.

Mdau, Dodoma

Naomba kutofautiana, mkuu. Kodi ya mshahara wa huyo dada ilikuwa inaenda Nairobi. Huku Kongwa mvua ikikata, mkulima wa mahindi hapewi theluthi ya gunia na mtu yeyote. Aliyefuata shilingi ya Kenya alifuata kwa sababu ina nguvu kuliko ya kwetu, na alikuwa sahihi. Ila ikikatika asije kugonga Dodoma.

Mwanzisha mada

Ndiyo maana sikusema Dodoma. Nimesema aliyefunga, na aliyefunga ndiye aliyekuwa anakula kodi yake. Hapo mimi na wewe tuko pamoja, ila hujapenda kukubali.

Mdau, Lyon

Wenzetu wa huku wamegombana juu ya hilihili miaka mingi. Zaidi ya watu 200,000 wanaishi Ufaransa na kufanya kazi Uswisi. Kanuni ya Ulaya, ambayo Uswisi pia inaifuata, ni kwamba ukipunguziwa saa tu, nchi ya kazi inalipa. Wakati wa corona wengi waliendelea kupata sehemu ya mshahara kutoka mfuko wa Uswisi bila kutoka nyumbani. Lakini ukipoteza kazi kabisa, nchi unakolala ndiyo inalipa, na nchi ya kazi inairudishia miezi mitatu tu, au mitano kwa aliyefanya kazi muda mrefu zaidi. Ufaransa inalalamika kila mwaka, kwa sababu michango imekatwa Uswisi na fao linapigiwa hesabu ya mshahara wa Uswisi, ambao ni mkubwa.

Geneva ina mpango wake wa pembeni tangu 1973. Inakata kodi ya wavukaji hao, kisha inarudisha asilimia 3.5 ya jumla ya mishahara yao kwa mikoa ya Ufaransa ya Ain na Haute-Savoie wanakolala, ili ijenge shule na barabara. Fikirieni Kajiado, kaunti ya Namanga ya Kenya, ikiirudishia Longido, wilaya ya Namanga ya Tanzania, hata asilimia moja!

Mdau, Busia (Kenya)

Mnaongea vizuri sana juu ya watu wenye slipu. Njooni Busia. Neno boda boda lilizaliwa hapa, kwa vijana wa baiskeli waliobeba watu kutoka mpaka huu hadi ule. Uganda ilipozuia watu kuvuka Machi 2020, nani awalipe hao? Hawana mwajiri, hawana slipu, wengine hata kibali hawana, ni kitambulisho na kusalimiana na askari. Na tuambiane ukweli, wiki ya pili nusu yao walikuwa wanapita njia za panya. Ukilipa kwa sababu geti limefungwa, utalipa pia aliyevuka usiku. Ukisema ulete ushahidi wa kazi, umemlipa karani umemwacha mbeba mizigo.

Mdau, Goma

Jambo kwenu. Kwetu petite barrière, kivuko cha waenda kwa miguu kati ya Goma na Rwanda, ikifungwa hakuna anayeuliza nani alipe, watu wanauliza tutakula nini. Mwaka 2020 watu hawakuruhusiwa kuvuka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, bidhaa ziliruhusiwa. Wamama wakajiunga vikundi, wakakodi lori moja, mizigo yote ikavuka pamoja, tuliita groupage. Ilisaidia wenye mtaji. Mwanamke aliyekuwa anavusha beseni moja la nyanya kichwani hakuwa na cha kuweka ndani ya lori. Huyo ndiye ningemlipa kwanza, na huyo ndiye hamna karatasi yake popote.

Mdau, Berlin

Mimi niongeze jambo lisilopendeza. Machi 2020 Poland ilianza kuwaweka karantini raia wake waliokuwa wakirudi kutoka kazini Ujerumani. Jimbo la Brandenburg likatoa euro 65 kwa siku kwa kila mfanyakazi aliyekubali kubaki upande wa Ujerumani, na euro 20 kwa kila mwanafamilia aliyebaki naye. Singapore, Malaysia ilipofunga mpaka mwezi huohuo, ililipa kampuni dola 50 za Singapore kwa usiku kwa kila mfanyakazi, siku 14, ili wasikose mahali pa kulala. Mnadhani ni huruma? Walihitaji wauguzi na watu wa viwandani. Duka la Namanga lilipata muuzaji mwingine ndani ya mwezi. Hapo ndipo hoja yako inapokwama, mwanzisha mada: hakuna serikali inayomlipa mtu ambaye nafasi yake inazibika kesho.

Mwanzisha mada

Mdau wa Berlin umenigusa pabaya, na wa Busia na Goma pia. Nakubali hoja yangu inamfaa mwenye slipu tu. Lakini hata huyo mwenye slipu hajapata, kwa nini tusianze naye? Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 1, 2010, inampa mfanyakazi kutoka nchi mwanachama mafao ya hifadhi ya jamii sawa na ya mfanyakazi wa nchi anakofanyia kazi. Sawa na wao! Shida ni kwamba wao wenyewe hawana fao la kukosa kazi, kwa hiyo amepewa usawa wa sahani tupu. Mimi ningeanza hapo: miezi aliyochangia Kenya ihesabike Tanzania, na Kenya irudishe gharama ya miezi mitatu ya kwanza kama Uswisi.

Mdau, Dodoma

Sawa, hiyo ya kurudishiwa naweza kuisikiliza. Ila hujatuambia, huyo dada yuko wapi sasa?

Mwanzisha mada

Anauza viatu vya mitumba upande huu. Wateja wake wengi wanatoka ng'ambo, wanarudi jioni.