Kasa wa elfu tano

Rukia: Asalaam aleikum jamani. Niko bandarini Msambweni. Kuna kasa amelazwa chali, bado yu hai, analia machozi kabisa. Mwenyewe anataka elfu tano, mimi nina mbili. Tuchange tumrudishe baharini?

Shangazi Zuhura: Waleikum salaam mwanangu. Maskini! Natuma elfu moja sasa hivi.

Hamadi: Elfu mbili zangu hizo, Rukia.

Ami Salim: Msilipe.

Rukia: Ami, atachinjwa!

Ami Salim: Kwanza mpindueni, akilala chali mapafu yanabanwa. Mfunikeni gunia la maji. Yale machozi ni chumvi anayotoa mwilini, lakini jua litamuua kweli.

Rukia: Tumempindua. Gunia tumepata.

Ami Salim: Sasa nisikilizeni. Nimevua miaka 36. Mkimpa elfu tano leo, kesho jarife, ule wavu wa matundu makubwa, linatandazwa pale pale kasa wanapokula majani. Na kasa anapumua hewa kama sisi. Jarife likilala usiku kucha, wanaonaswa mapema hufa maji kabla ya alfajiri. Mtamnunua mmoja aliye hai, na waliokufa hamtawaona.

Hamadi: Shikamoo Ami. Lakini mbona wale wahifadhi wa kasa kule Watamu wanalipa? Tangu 1998 mvuvi akinasa kasa anapiga simu, wanakuja, wanampima, wanamtia alama kwenye kikono, wanamwachilia. Kasa walioachiliwa wamepita 20,000.

Ami Salim: Marahaba. Wanalipa ile simu na muda wa mvuvi kungoja. Bei ya nyama hawalipi. Ni kidogo kwa makusudi, hakuna atakayeacha kuvua samaki akatafute kasa kwa pesa ile. Wakiipandisha ifike elfu tano, mimi wa kwanza kuwapinga.

Shangazi Zuhura: Kisiwani Mafia, Tanzania, nako wanalipia viota vya kasa. Ukionyesha kiota unapewa chako, na mayai yakianguliwa unaongezewa kwa kadiri ya vitoto vilivyotoka. Kwa hiyo aliyeonyesha ndiye anakilinda asije mtu kuchimba.

Ami Salim: Hiyo naikubali moja kwa moja. Pesa inamfuata kasa aliye huru.

Rukia: Sawa, lakini huyu je? Yuko mbele yangu.

Ami Salim: Mwite mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inamlinda kasa, na huyo muuzaji anajua. Zungumza naye kwa heshima, asiaibike mbele ya watu.

...

Rukia: Alhamdulillahi. Mwenyekiti amekuja, wamezungumza pembeni. Tumembeba watu wanne mpaka kwenye maji. Akatulia kidogo, halafu huyo kaenda!

Hamadi: Mashallah.

Rukia: Ila Ami, mvuvi amenionyesha wavu wake. Umechanika mtu anapita. Anasema leo usiku hatoki, na watoto wako nyumbani.

Shangazi Zuhura: Na elfu yangu nimeshatuma.

Ami Salim: Hiyo nunua uzi, Rukia. Mwambie aniletee wavu baada ya alasiri, nitamshonea mwenyewe. Kasa simlipii.