GX81 ya marehemu mjomba: nianze na injini au na difu?

Igoma81

Wakuu, habari za jioni. Nina Toyota Mark II GX81 niliyoachiwa na marehemu mjomba. Yeye alikuwa anabebea dagaa kutoka Mwaloni Kirumba, na mpaka leo nimeosha buti mara tatu kwa sabuni na ndimu lakini jua likiwaka unajua kabisa gari ilikuwa inafanya kazi gani. Bodi ni nzima, rangi imechoka. Injini 1G-FE, lita 2, giaboksi otomatiki.

Naitaka iwe ya kazini, Igoma hadi mjini Mwanza kila siku, ila zikitokea mbio za robo maili zenye kibali nami nisimame kwenye mstari bila kuchekwa. Kuna jamaa Nyakato anauza injini ya turbo 1JZ-GTE ya mtumba, anataka jibu Ijumaa. Hii niliyonayo nikikanyaga kwa nguvu, tairi la nyuma kulia linalia, gari haiendi. Pale Mabatini kuna IST, kagari kadogo, imeniacha mara mbili, dereva ni mama wa makamo na hata hakuwa anashindana.

Niichukue hiyo injini?

Mzuka wa Kirumba

Chukua mkuu, usiulize mara mbili. Nguvu za farasi 280! Mengine yatajipa mbele ya safari.

Spana14

Mdogo wangu, hiyo Ijumaa ni ya muuzaji, si yako. Iache ipite.

Jibu umeshaliandika mwenyewe. Tairi la kulia linalia na gari haiendi, maana yake difu yako, yale meno ya nyuma yanayogawa nguvu kwa tairi mbili, ni ya kawaida, nguvu yote inakimbilia upande ulioteleza. Funga farasi 280 juu ya difu hiyo hiyo, utaongeza kelele na moshi, na yule mama atakupita palepale Mabatini.

Robo maili ni mita 402, lakini wanaojua kupima huanza kuangalia mita 18 za kwanza. Sehemu moja ya kumi ya sekunde ukiiokoa pale, mwisho wa njia inaweza kuwa karibu mbili. Pale injini haina la kusema sana kama tairi halijashika. Tafuta difu ya LSD, ile inayobana ili tairi zote mbili zisukume, kutoka kwenye Mark II, Chaser au Cresta za turbo za umri huo. Lakini lala chini ya gari kwanza uangalie: GX81 nyingine nyuma zina ekseli nzima, nyingine kila tairi linajitegemea, na haziingiliani. Nimeona mtu amenunua difu nzuri sana ikaishia kuwa kigoda cha gereji.

Sasa nikwambie langu. Nilikuwa na Cresta, nikafunga 1JZ kwa pupa, propela (lile bomba linalopeleka nguvu nyuma) na krosi (viungo vyake) nikaacha zile zile za zamani. Nikampakia shemeji, tukatoka njia ya Usagara nimwonyeshe kazi yangu. Nilipokanyaga, krosi ya mbele ikakatika. Propela ikadondoka ncha ya mbele, ikachoma lami, nyuma ya gari ikarushwa juu kama punda anapiga teke. Hatukuumia. Tulivutwa na kirikuu hadi Buhongwa na shemeji hakusema neno njia nzima. Tangu hapo gari yoyote ninayoifunga inapata pete ya chuma bapa kuzunguka propela, karibu na krosi ya mbele. Bolti nne tu, mchomeleaji anamaliza chai haijapoa.

Otomatiki usiitoe. Inaondoka vilevile kila mara, na wewe bado unajifunza. Iwekee rejeta yake ndogo ya kupoza mafuta ya giaboksi. Siku ya mbio punguza upepo wa tairi za nyuma kidogo, mfano PSI 26, halafu jaza kabla ya kurudi nyumbani.

Turbo siidharau, inasukuma hewa ya ziada ndani ya injini, na watu wa huku tunaihitaji kuliko wa Dar. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, injini isiyo na turbo inapoteza zaidi ya asilimia 10. Hiyo 1G-FE yako kiwandani walisema farasi 135. Hapa Mwanza hata 120 inazitafuta. Turbo ndiyo dawa, ila iwe ya mwisho kununuliwa. Na ukiifuata, muuzaji aweke stata na betri, mpime kompreshani, yaani mbano wa silinda zote 6, mbele ya macho yako. Zile 1JZ za mwanzo zenye turbo mbili, feni ya upande wa moshi ni ya seramiki. Ukipandisha presha kupita ya kiwandani, inapasuka.

Dada wa Nyamanoro

Mmeongea yote, breki mmeziruka. Nguvu mara mbili, breki za mjomba? Badilisha mafuta ya breki, diski za mbele zitafutwe za gari ya turbo. Injini ikibadilika, namba mpya iingizwe kwenye kadi ya gari TRA, na watu wa bima waambiwe. Na tafadhali, asitokee wa kwenda kujaribu pale darajani Kigongo–Busisi eti kumenyooka. Kuna watu wanavuka na watoto.

Mzuka wa Kirumba

Mshiko nyuma si arudishe tu magunia ya dagaa kwenye buti 😂

Spana14

Uzito usiofungwa, ukishika breki unakuja kukusalimia shingoni. Hata stepni na jeki vitoke siku ya mbio.

Igoma81

Shikamoo mzee Spana14. Nimetoka chini ya gari sasa hivi, nilikuwa na tochi ya simu. Krosi ya mbele nikiitikisa kwa mkono inacheza, inatoa mlio wa tik tik. Ekseli ni nzima, bomba moja toka tairi hadi tairi. Jamaa wa Nyakato nimemwambia Ijumaa siwezi, ameshusha bei palepale, nikazima simu.

Dada, breki nimekuelewa, Jumamosi nafungua tairi zote nne. Mzee, chini ya boneti kuna kibati chenye mstari wa kuonyesha aina ya ekseli, herufi zimefunikwa na rangi. Nikwangue kwa kitu gani ili nisizifute?

Spana14

Marahaba. Usikwangue. Kitambaa na tina ya kuyeyushia rangi, taratibu, halafu weka picha hapa.