Ushauri: kukwangua kaboni kwenye silinda hedi ya jenereta ndogo bila kuumiza alumini

Swali

Wakuu, nina jenereta ya petroli yenye injini ya 196 cc, valvu za juu, muundo wa Honda GX200. Imefanya kazi kama saa 600. Ikibeba mzigo mkubwa inagonga, na nikizima swichi inaendelea kulipuka mara mbili tatu ndipo itulie. Plagi imetoka nyeusi. Nikimulika tochi kwenye tundu la plagi naona ukoko wa kaboni umejaa juu ya pistoni. Naomba utaratibu wa kufungua, vipimo vya kukazia, na dawa isiyokula alumini. Au kuna namna ya kuutoa bila kufungua hedi (kifuniko cha juu ya silinda)?

TapetiBaridi

Dalili zako zote zinaelekea hapo hapo. Ukoko ukipata moto unakuwa kama kaa, unawasha mchanganyiko kabla ya cheche. Ndiyo maana inagonga, na ndiyo maana inaendelea kulipuka hata umeme wa plagi ukishakatwa. Kitabu cha GX200 kinataka chumba cha mwako kisafishwe kila saa 500, kwa hiyo hujachelewa sana.

Kumimina dawa kwenye tundu la plagi hulainisha ukoko mwembamba tu. Ulio mgumu hubanduka vipande vipande. Kimoja kikinasa kwenye kiti cha valvu ya moshi, kompresheni inapotea na utafungua hedi vilevile. Halafu dawa inapenya ringi na kuipunguza uzito oili, kwa hiyo lazima uimwage. Fungua.

Soketi12

Injini iwe baridi. Vua kofia ya plagi, funga koki ya mafuta, mwaga petroli iliyobaki kwenye kabureta. Ondoa tanki, ekzosi, kichujio cha hewa, kabureta na kava la feni. Piga picha gasketi za kabureta na kile kipande cheusi cha kuzuia joto kabla ya kuvitoa, kwa sababu ukivirudisha kinyume unaweza kuziba njia ya hewa au kuacha injini ivute hewa pembeni.

Fungua kava la valvu. Vuta kamba polepole hadi pistoni ifike juu na valvu zote mbili ziwe zimefunga. Legeza nati za roka (mikono midogo inayosukuma valvu), toa pushirodi (fito zinazosukuma roka) na uzitie alama: ya kuingiza, ya moshi. Kwenye ncha ya shina la valvu ya moshi kuna kofia ndogo ya chuma. Hiyo ndiyo hupotea kuliko kitu chochote kwenye kazi hii! Itoe kwa sumaku na uiweke pembeni.

Boliti nne za hedi, soketi ya 12, zilegezwe kwa msalaba, robo mzunguko kila moja. Hedi ikishikilia, igonge kwa nyundo ya plastiki. Usipenyeze bisibisi kwenye maungio, mkwaruzo mmoja tu unatosha kuvujisha gesi.

Kabla ya kukwangua pistoni, ipandishe juu kabisa, paka grisi kwenye mwanya kati yake na silinda, na uzibe matundu ya pushirodi kwa kitambaa. Vumbi la kaboni ni kali kama msasa. Grisi italidaka, kisha ishushe pistoni kidogo na uifute yote. Hedi iloweshe kwa dawa ya kusafishia kabureta, au ilale usiku kucha kwenye mafuta ya taa. Kwangua kwa kijiti cha mti mgumu au plastiki, malizia kwa brashi ya shaba.

TapetiBaridi

Naongezea marufuku mbili. Magadi ya kusafishia mabomba, yaani soda kali, yasikaribie hedi: yanayeyusha alumini yenyewe. Na brashi ya waya wa chuma kwenye drili inachimba uso wa gasketi na kuacha nyuzi za waya ndani.

Swali

Nimefungua. Shina la valvu ya kuingiza lina ukoko mnene wa kunata. Upande wa moshi ni mkavu. Hiyo ina maana gani?

Soketi12

Masizi makavu ni petroli iliyozidi: kichujio cha hewa kichafu, au choki isiyofunguka yote. Ukoko wa kunata kwenye valvu ya kuingiza ni oili. Kwanza angalia sili kwenye gaidi yake (bomba dogo linaloongoza shina la valvu), maana ikikauka, mvuto wa injini unanyonya oili kupitia shina. Kisha pima oili: jenereta ikiwa sawasawa, oili ifike ukingo wa tundu la kujazia, ambayo ni karibu lita 0.6. Ikizidi, bomba la kupumulia linaipeleka kwenye kichujio cha hewa na kutoka hapo inaingia kwenye kabureta.

Ukishatoa valvu, zisage kwenye viti vyake kwa pesti laini ya kusagia, uoshe kila chembe ya pesti. Zirudishe na springi zake, mimina mafuta ya taa kwenye milango ya hedi na usubiri dakika tano. Yakichuruzika upande wa chumba cha mwako, bado hazijakaa.

TapetiBaridi

Kurudisha: weka hedi juu ya kioo na ujaribu fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya). Ikipenya ya 0.10 mm, hedi imepinda. Gasketi iwe mpya, kavu, bila silikoni, na zile pini mbili za mwongozo ziwe mahali pake. Kaza boliti kwa msalaba kwa awamu tatu hadi 24 Nm. Tapeti, yaani mwanya wa valvu, injini ikiwa baridi: kuingiza 0.15 mm, moshi 0.20 mm. Plagi 0.7 hadi 0.8 mm. Baada ya hapo mwaga oili, weka mpya, na ungʼoe kichujio cha cheche (wavu wa kuzuia cheche) kwenye ekzosi ukipige brashi. Kikibaki kimeziba, moshi hautoki vizuri na nguvu haitarudi hata hedi ikingʼaa.